Vigelegele vya Siku ya Kupalizwa

Grand Prairie, 9 Septemba 2018

Kwako dada yangu mkubwa Scholastique,

Nianze na afya, maana bila hiyo hata kalamu haishikiki. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu la kulia linalojua mvua kabla ya televisheni. Baba Audace bado yuko kwenye ghala la matairi, wamemhamishia shifti ya asubuhi. Ninyi huko Stafford je? Elvire ameshapata leseni? Mwambie mama yake mdogo anasema msichana wa Texas asiye na gari ni kuku asiye na miguu.

Nakuandikia kwa mkono kama tulivyoandikiana kambini, kwa sababu simu yako Elvire huiweka spika, na jikoni kwenu nikisalimia wanaitikia watu sita. Anicet anateremka Houston na lori lake, nimempa bahasha. Usimpe chai kabla hajaitoa, anasahau.

Sasa furaha. Audace amesaini. Ni timu ya watu wazima, ya kulipwa, huko Michigan. Unakumbuka tulipofika mwaka 2007 nilikuwa nasafisha ile mall yenye uwanja wa barafu ndani. Alikuwa akinisubiri kwenye benchi, mzee mmoja akamwazima viatu vya visu. Mtoto aliyezaliwa kambini Mtabila kwenye vumbi, leo anapewa mkataba wa kucheza hoki ya barafu. Ni mama gani mwingine Mrundi unayemjua mwenye habari ya namna hiyo?

Siku ya Kupalizwa Mama Maria, baada ya misa, niliomba projekta ya ukumbi, tukaweka ukutani ile vidio ya mechi ya Machi. Dada, ungemwona. Mzungu mmoja mkubwa kama friji alimsukuma kipa wetu. Audace akatupa glavu, akamshika shati, akampiga, akampiga, akampiga, mpaka yule akalala na damu ikachora barafu. Ndiyo kazi yake, kila timu ina mtu wa kulinda wenzake, na kwa timu yao ni mwanangu. Mimi nilianza vigelegele, ukumbi mzima ukanifuata, hata Clothilde wa kwaya, yule Mkongo ambaye mwanawe nesi anatajwa kuliko Mtume Petro. Wakaomba irudiwe. Tuliirudia mara nne. Kuna mtu aliturekodi tukishangilia, ikaingia kwenye grupu la WhatsApp la Warundi wote wa Texas. Nadhani umeiona.

Basi watangazie wa huko Houston. Sema ni mtoto wa mdogo wako.

Wiki ya tatu hii hapokei simu. Ni mazoezi, najua.

Wako,
Spès, mama Audace

*

Stafford, 21 Oktoba 2018

Mdogo wangu Spès,

Barua imefika ikiwa na duara la kahawa. Anicet anasema ni ubaya wa barabara. Tuko salama. Elvire amepata leseni na ameshagonga kisanduku cha barua cha jirani. Kazini, kule kwa wazee, nimepewa bibi wa miaka tisini na nane anayeniita kwa jina la dada yake. Namwitikia.

Vidio nimeiona. Elvire alinionyesha jikoni. Niliitazama mara moja, nikamwambia azime.

Hapa nina mgeni. Anakula kwa watu wawili na kuosha vyombo kwa watu watatu. Akiniruhusu nitakuambia ni nani.

Umesema Audace hapokei simu. Umejiuliza kwa nini?

Dada yako,
Scholastique

*

Grand Prairie, 9 Desemba 2018

Dada Schola,

Majilio yametukuta vizuri, tunashukuru. Nimeshona kitenge kipya cha Noeli, chenye mikono mipana, wenye wivu wapate pa kutazama. Baba Audace alikohoa wiki nzima, sasa ameacha. Pole na kisanduku cha jirani.

Swali lako nimelisoma. Kijana ana kazi, hana muda wa kubembeleza mama. Alinitumia ujumbe mmoja mwezi wa kumi, wa Kiingereza, mistari miwili. Nimeufuta kwa bahati mbaya.

Lakini habari zake ninazo. Huko Michigan theluji inafika kwenye madirisha. Amefunga magoli manne, na moja alilifunga akiwa amepiga goti, watu wakasimama. Kocha wake anasema hajapata kuona Mwafrika wa namna hiyo. Hapa parokiani wananiuliza kila Jumapili, na mimi nawajibu. Padri mwenyewe ameniuliza kama atakuja Noeli. Nimesema ratiba haimruhusu, ila nitaleta jezi yake ya zamani kwenye matoleo, abariki vijana.

Mgeni wako ni nani huyo wa kufichwa? Kama ni mchumba wa Elvire, nataka kujua ukoo wake kabla hujamzoesha kula sombe yako.

Wako anayekupenda,
Spès

*

Stafford, 20 Januari 2019

Spès,

Heri ya mwaka mpya. Tumeamka wote, hakuna mgonjwa.

Nimeruhusiwa, kwa hiyo nitaandika moja kwa moja. Mwanao yuko kwangu tangu tarehe tatu Oktoba. Michigan hajakanyaga. Unaniandikia magoli ya mtu anayeosha sahani zangu.

Nilikaa kimya kwa sababu aliniomba. Barua yako ya Desemba niliiacha mezani, akaisoma amesimama. Alipofika kwenye lile goli la kupiga goti alicheka, kisha akaenda kukaa nje kwenye gari.

Aliniambia hivi. Yule kijana uliyemwita friji ana miaka kumi na tisa. Mfupa wa chini ya jicho ulivunjika. Audace alimtembelea hospitali mara mbili, wakazoeana, na akajisemea kwamba kazi ni kazi, ataendelea. Halafu ikamfikia vidio yenu ya ukumbini. Akajiona ukutani anampiga mtu, na chini ya ukuta akaona mama yake na mama zake wote wa parokia wanapiga vigelegele. Siku hiyo aliwapigia watu wa Michigan akawaambia haji. Mwanzoni mwa Oktoba akapanda basi mpaka kwangu. Alipoingia hakuniamkia. Alipiga magoti pale mlangoni akasema, "Mama mkubwa, nisamehe kwa ajili ya baba mkubwa Vital."

Mume wangu Vital unajua alivyokufa. Tulimwosha mimi na wewe. Unajua pia tulichoambiwa baadaye kuhusu wanawake waliokuwa wamesimama kando ya barabara akipigwa, na sauti waliyoitoa. Hilo sikuliongea kambini na sitaliongea leo.

Sasa anafanya kazi kwenye uwanja wa barafu wa hapa, anaendesha ile mashine ya kulainisha. Kuna kocha mzee wa mbio za barafu amemwona akiteleza, anamfundisha upya. Si hoki. Hakuna fimbo, hakuna kugusana. Wanakwenda wameinama, mikono imewekwa mgongoni kama mapadri wanaotembea bustanini. Anasema ilimchukua mwezi kujua mikono yake aiweke wapi.

Ameniambia niandike neno hili na nisiongeze: hatarudi Grand Prairie mpaka uwaambie watu walewale, mahali palepale.

Scholastique

*

Grand Prairie, 12 Mei 2019

Dada,

Salamu nazileta, japo mkono ni mzito. Tunaishi. Hotelini ninakofanya usafi wamepunguza watu, na mimi ni mmoja wao. Baba Audace ameisoma barua yako, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha. Hajasema kitu juu yake tangu Januari, na wewe unamjua, kunyamaza kwake ni kelele.

Nilikaa na karatasi yako miezi minne. Kila nilipotaka kujibu niliona hasira inashika kalamu. Mimi ndiye mbaya? Ule ni mchezo, Schola. Wazungu wenyewe walikuwa uwanjani wanapiga makofi, na watoto wao mapajani. Timu ilimchukua kwa ajili hiyohiyo. Nilimlea simba, wewe unaniandikia kuhusu mtu anayezunguka barafu mikono nyuma kama mfungwa, eti ndiyo maendeleo. Mkataba wa kulipwa ameuacha, anaendesha mashine ya kulainisha. Nitawaambia nini watu?

Nikuambie nilichowaambia. Noeli nilicheza na ile jezi kutoka mlangoni mpaka altareni, kwaya inaimba, na padri akaitundika kwenye chumba cha vijana. Februari niliwaambia ameumia bega. Machi nikasema bega limepona. Wiki iliyopita Clothilde amesema mwanawe amemtafuta Audace kwenye tovuti ya ile timu, jina halimo. Nikamjibu, "Mama Christian, wanaandika kwa herufi za kwao." Akanitazama tu. Wale waliokuwa karibu nao wakatazama viatu vyao.

Leo huku Amerika ni sikukuu ya akina mama. Kanisani waliwaita akina mama wote mbele, kila mmoja akapewa ua na mwanawe. Mimi nilipewa na katekista.

Ule ujumbe wa Oktoba sikuufuta. Nilikudanganya. Ameandika kwamba hachezi tena na nisimpigie simu. Huwa nausoma.

Spès

*

Stafford, 28 Julai 2019

Mdogo wangu,

Joto la hapa linapika watu kwa mvuke. Nashukuru umeandika, hata kwa hasira. Elvire anaanza chuo Agosti. Yule bibi wangu wa miaka tisini na nane amefariki, nilikuwa nimemshika mkono, na mpaka dakika ile nilikuwa dada yake.

Hujaniuliza habari za mwanao, ila nakupa. Amefanya mtihani wa ukocha, amefaulu. Jumamosi anafundisha watoto kumi na wawili, mmoja ni Ella, wa familia ile ya Kirundi tuliyofika nayo. Nilikwenda kumwona. Nilivaa koti mwezi wa saba, watu wa kwenye maegesho wakaniona nimerukwa na akili.

Somo lake la kwanza ni kuanguka. Vile visu vya mbio ni virefu na vikali. Anawafundisha ukianguka, kunja ngumi, ficha vidole, inua miguu, usimkate mwenzako anayekuja nyuma. Wanaanguka pamoja, kumi na wawili, anawahesabia, wanacheka. Halafu anapita akipiga goti mbele ya kila mmoja kumkaza kamba za viatu. Ella alikuwa analia, hataki kusimama. Audace akalala kwenye barafu kando yake, mwili wote ule. Baada ya muda mtoto akamwambia kwa Kiingereza, "Coach, unalowa." Wakasimama wote wawili.

Mtu mwingine angekuwa na mama wa kumsimulia hayo.

Hajakualika. Sharti ni lilelile. Nami sikuombi chochote, sitaki siku moja useme nilikulazimisha.

Scholastique

*

Grand Prairie, 6 Oktoba 2019

Dada yangu Schola,

Anicet walimbadilishia njia, barua yako ikazunguka Oklahoma na kunifikia mwisho wa Agosti. Tuko wazima. Nimepata kazi nyingine, ya kukunja mashuka ya hospitali, nasimama saa nane mfululizo. Elvire masomo mema. Pole kwa bibi wako.

Nimesema.

Mara ya kwanza, Septemba, nilishindwa. Baada ya matangazo nilikwenda kwenye maikrofoni ya ukumbi, nikafungua mdomo, nikasema, "Naomba mniombee goti." Watu wakaniombea goti, dada. Waliweka mikono juu yangu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Wiki mbili baadaye nilimwomba baba Audace asimame nami. Akakubali, ila alisema hatasema neno, na hakusema. Nikawaambia: Audace hachezi hoki, ameacha tangu mwaka jana. Magoli niliyowasimulia niliyatunga. Jezi ile ishusheni. Ameacha kwa sababu siku ya Kupalizwa, hapa, kwenye ukuta huu, mimi nilishangilia damu ya mtoto wa mtu. Nikamtaja Vital. Nikasema alivyokufa, na waliokuwa wamesimama kando.

Nilidhani watanizomea. Hakuna aliyezomea. Unajua ukumbi wetu, watoto hawatulii, lakini siku hiyo nilisikia friji ya jikoni ikiunguruma. Mzee mmoja anayekaa Garland alitoka nje, nikaona mabega yake yanatikisika. Wanawake hawakunitazama, kila mmoja alikuwa anatazama mapaja yake. Wengi wao wana Vital wao.

Nje, Clothilde alinifuata mpaka kwenye gari. "Mama Audace," akasema, "dhambi yako ungeipeleka kwa padri, si kwenye spika."

"Niliifanyia ukumbini."

"Ulifanya peke yako? Mimi pia nilipiga vigelegele. Wote tulipiga. Leo umetuvua nguo mbele ya watoto wetu, na chakula kilikuwa tayari."

Alisimama pale na sahani yake iliyofunikwa kwa foili. Mwisho akaondoka nayo. Tangu siku hiyo benchi letu kanisani tunakaa wawili, na pembeni pana nafasi.

Dada, kuna jambo sijalisema kwa maikrofoni, nalisema kwako. Kama siku ile ningemkumbuka Vital nikapuuza, ningekuwa na dhambi ninayoielewa. Sikumkumbuka. Nilimwosha kwa mikono hii, na siku ile hakunijia hata kidogo. Nilimwona mwanangu tu, mkubwa, hakuna wa kumpiga. Nilifurahi kwamba safari hii anayepiga ni wa kwetu. Hilo ndilo lililonitoa sauti. Sijui kama linasameheka, na sikuombi unijibu.

Mwambie Audace nimesema. Au usimwambie, kama unaona vyema.

Spès

*

Stafford, 17 Novemba 2019

Spès,

Tumepokea. Hatujambo.

Sikumwambia, nilimpa barua akasoma mwenyewe. Aliirudisha baada ya siku mbili. Alisema, "Alimwita baba mkubwa kwa jina?" Nikasema ndiyo.

Juu ya lile jambo la mwisho, nimeshika kalamu mara nyingi. Bado sijaweza. Si chuki. Ni kwamba kila nikianza nasikia zile sauti, na mojawapo sasa naijua ni ya nani.

Usije bado. Atakuja yeye, siku yake.

Scholastique

*

Grand Prairie, 14 Aprili 2020

Dada Schola,

Natumaini ugonjwa huu umepita mbali na mlango wako. Nasikia kwenye nyumba za wazee ndiko unakoua. Vaa barakoa mbili. Baba Audace bado wanamwita ghalani, matairi hayajui korona. Kikohozi chake kimerudi kidogo, tunamwangalia. Kanisa limefungwa. Pasaka tumesali kwenye simu, padri peke yake altareni kama mtu aliyefika mapema.

Sijui kama alikuaga. Juzi Jumapili, saa tano, gari limesimama nje. Nilikuwa nimevaa kanga ya nyumbani na soksi za baba yake. Audace akashuka, akasimama kwenye nyasi, hakunisogelea. Amekonda mashavu, amenenepa mapaja. Akasema, "Siingii ndani, mama. Kifua cha mzee." Nikasema sawa.

Tukafungua gereji. Baba yake akaweka viti vitatu, kila kimoja mbali na kingine, akapima kwa hatua. Tukala maharage na wali, sahani mapajani. Baba yake ndiye aliyeanza kuongea, baada ya mwaka na zaidi. Alimuuliza hizo mbio zinakwendaje. Akaeleza. Mimi nilisikiliza, dada, sikumkatiza hata mara moja, unaweza kumuuliza.

Saa saba akasema samahani, ana darasa. Uwanja wao umefungwa, kwa hiyo anawafundisha watoto kwenye simu. Akaisimamisha juu ya ndoo ya rangi. Nikaona vichwa kumi na viwili kwenye vyumba kumi na viwili, wamevaa soksi, wanateleza kwenye mbao huku wameinama, mikono mgongoni. Anamjua kila mmoja. Huyu anamrekebisha goti, yule kiuno. Mmoja akadondoka na kiti kikamwangukia, nikaona amekunja ngumi vidole ndani. Audace akamsifu kwa Kiingereza kwa kuanguka vizuri. Sikujua mtu anaweza kusifiwa kwa hilo.

Nilikaa nyuma yake, asinione usoni. Nilimtazama mgongo. Nilikuwa na aibu, lakini si ile ya kwenye maikrofoni. Nilimfuata mtoto huyu kwenye viwanja miaka kumi, na siku hiyo ndipo nilipomtazama akifanya kazi bila kuwaza nitamsimulia nani.

Hakuniambia amenisamehe. Wala sikuuliza. Alipokuwa anaondoka aliosha sahani yake kwenye bomba la nje. Mtaa ulikuwa mtupu, Pasaka nzima, hakuna mtu hata mmoja wa kumwona. Akafungua mlango wa gari, akanitazama.

"Leo hupigi picha, mama?"

Nikamwambia simu haina chaji. Ilikuwa na chaji.

Mdogo wako,
Spès